Anasoma msahafu vizuri lakini gazeti linamshinda, je, anajifanya?

"Assalaam alaykum daktari. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, ni mwalimu wa shule ya msingi na mtu wa vitabu tangu utoto. Miezi saba iliyopita walikuwa kwenye mashua wanashusha tanga, foromali, ule mti wa tanga, ikamwangukia kichwani. Alizimia, akapelekwa Mombasa, akapigwa skani wakasema damu imevia kwenye ubongo nyuma upande wa kushoto. Hakupasuliwa, alilazwa wiki tatu. Alhamdulillahi sasa anatembea, anaongea, anaswali. Shida ni kusoma. Gazeti akisoma mistari miwili mitatu anapotea, anaruka maneno, kichwa kinamuuma, analiweka chini. Lakini msahafu anausoma kama zamani. Nyumbani wengine wanasema ni uvivu hataki kurudi kazini, wengine wanasema ni jini. Pia amekuwa mzembe akitembea, anajigonga bega vichochoroni na punda akipita anashtuka. Nimemnunulia miwani ya kusomea na vitabu vitatu vikubwa azoeshe ubongo lakini havigusi. Nimlazimishe? Na ni vitabu gani vinamfaa mtu aliyeumia ubongo?"

Wa alaykumu ssalaam dada yangu, pole sana, wewe na nyumba nzima. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa tiba ya kazi, wale mnaotuita okupeshono therapisti, niko huku Malindi na wagonjwa wangu wengi ni watu walioanguka na boda au waliopata kiharusi. Hili la kusoma nalisikia sana. Mkono ukipooza kila mtu anauona, kusoma kukipotea hakuna anayeona, na ndipo maneno ya uvivu yanapoanzia.

Nianze na lile zito. Hapana, sidhani anajifanya. Ndugu yako sijamuona na mtu hapimwi kwa maandishi, lakini ulivyoeleza, gazeti linamshinda na msahafu unakwenda, hiyo ni hali inayoelezeka tena vizuri kabisa, na dalili kubwa umeiandika mwenyewe ukidhani ni jambo jingine. Ni pale uliposema anajigonga bega na punda wanamshtua. Hukusema ni bega lipi. Mimi nakisia ni la kulia, na punda wanaomshtua ni wale wanaomjia kulia kwake. Mwangalie kimya kimya siku mbili tu, usimwambie, utajua kama nimekosea.

Kwa nini kulia? Wengi wetu tunadhani jicho la kulia lina upande wake wa ubongo na la kushoto lina wake, lakini sivyo. Kila kitu kilicho upande wako wa kulia, ukione kwa jicho hili au lile, habari yake inapelekwa nyuma ya ubongo upande wa kushoto, huku kisogoni, na vya kushoto vinapelekwa kulia. Kwa hivyo sehemu ile ya kushoto nyuma ikiumia, macho yote mawili yanaweza kuwa mazima kabisa na bado nusu ya kulia ya anachokitazama ikapotea kwa macho yote mawili. Na haipotei kwa giza, hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa. Wewe sasa hivi kilicho nyuma ya kichwa chako unakiona cheusi? Hukioni cheusi wala cheupe, hakipo tu. Yeye ndivyo ilivyo kulia kwake, hakipo tu, kwa hivyo hawezi hata kukwambia "sioni kulia" manake hajui kuna kitu anakosa, anachojua ni kwamba punda ametokea hewani. Madaktari wanaiita hemianopia. Na miwani uliyonunua haiwezi kusaidia hapo, miwani inamrekebishia mtu jicho, na yeye penye jeraha si kwenye jicho.

Sasa ipeleke hiyo kwenye gazeti. Jicho la msomaji halitelezi juu ya mstari kama tunavyohisi, linaruka, linatua, linaruka tena. Kwa maandishi yanayokwenda kushoto kulia, kila likitua linachukua herufi tatu nne za kushoto na mpaka kama 15 za kulia, na hizo za kulia ndizo zinazoliambia liruke wapi tena. Mtoe mtu hizo 15. Anabaki anasoma kama anayetembea kichochoroni usiku bila tochi, kila hatua anapapasa. Halafu Kiswahili chetu kina ukatili wake hapa. Alipiga, alipigwa, alipigia, alipigiwa, alipigana, mwanzo wa yote ni mmoja, ugomvi wote uko mwishoni, na mwisho ndio asiouona. Akikisia vibaya, aliyepigwa amekuwa mpigaji, habari haina maana tena, inabidi arudi mwanzo wa sentensi, akirudi anapotea mstari. Fanya hivyo mistari mitatu kichwa kitauma cha yeyote.

Msahafu unakwenda kulia kushoto. Kule jicho linakoelekea ndiko anakoona! Ugumu wake utakuwa kuupata mwanzo wa mstari mpya tu, kwa sababu unaanzia kulia, na nadhani ukimtazama vizuri utaona mwisho wa kila mstari anasita kidogo au anatafuta kwa kidole, kisha anatiririka.

Kuna sababu ya pili na hii msiisahau. Sehemu kubwa ya anachokisoma pengine hakisomi, anakikumbuka. Alichohifadhi mtu chuo cha Kurani tangu ana miaka saba kimekaa kwenye sauti na mdomo, hakihitaji kila herufi ionekane. Hata waliopoteza maneno kabisa baada ya kiharusi, hawawezi kuomba maji, mara nyingi utawasikia wanahesabu moja mpaka kumi, wanaimba, wanasoma Fatiha bila kukwama. Kwa hivyo mkitaka kujua kusoma kwake kwa Kiarabu kukoje, mfungulieni ukurasa wa sura ambayo hajaihifadhi. Maulidi msitumie, huko Lamu maulidi pia anayo kichwani. Na isiwe mtihani mbele ya watu, tafadhali, awe na wewe peke yako mmekaa barazani.

Dhana yangu inaweza isiwe kamili, au ikawa ni nusu tu ya jambo. Kichwa kikipigwa, ubongo unatikisika ndani ya fuvu na saa ingine unaumia hata upande wa pili wa pigo, kwa hivyo yanaweza kuwa mawili matatu kwa pamoja. Macho yanaweza kushindwa kukutana vizuri kwenye kitu cha karibu, maneno yanakuwa mawili mawili au yanacheza. Umakini na kumbukumbu vinaweza kuwa vimepungua, mtu anafika mwisho wa aya na mwanzo umeshatoka. Na kuna ile inayoitwa aleksia, ambapo herufi anaziona lakini ubongo hauzitambui tena kama herufi. Mwandishi wa hadithi za upelelezi wa Canada, Howard Engel, mwaka 2001 aliamka akachukua gazeti lake akaona limeandikwa kwa lugha asiyoijua, kumbe alipata kiharusi usingizini. Kuandika alikuwa anaweza, kusoma alichokiandika ndiyo hapana. Baadaye akajizoesha kuchora umbo la herufi kwa ulimi ndani ya mdomo ili aitambue, polepole mno, na mwaka 2005 akatoa riwaya nyingine. Hizi hali hazitibiwi sawa, ndiyo maana kabla ya kununua kitabu cha nne nataka apimwe.

Kuna jaribio dogo la nyumbani. Kaeni mkitazamana, kama mita moja, yeye afumbe jicho moja na atazame pua yako bila kuhamisha. Wewe nyoosha mkono pembeni, chezesha kidole, ukilete taratibu katikati, aseme akikiona. Fanya kulia kwake, kushoto kwake, juu, chini, kisha jicho la pili. Kama upande mmoja kidole mpaka kifike karibu na pua ndipo akione, kwa macho yote mawili, basi andika hivyo kwenye karatasi uende nayo kliniki ya macho mwambie "naomba apimwe upeo wa kuona". Sema neno hilohilo, upeo, manake ukisema tu haoni vizuri ataonyeshwa zile herufi za ukutani, atazisoma, aambiwe yuko sawa. Halafu muombe barua ya rufaa kwa daktari wa neva na therapisti. Hospitali ya King Fahd hapo Lamu muanzie, na nisikufiche, kwa mambo haya mtaelekezwa Mombasa, Coast General, najua ni boti mpaka Mokowe na safari ndefu ya basi na gharama yake, basi kusanyeni miadi yote wiki moja mkiweza, na ripoti ya skani ya kwanza msiiache nyumbani.

Kabla hajapimwa kuna vitu aviache leo: kuendesha boda, kushika usukani wa mashua, na kuvuka barabara peke yake akija bara. Hilo sibembelezi.

Umeuliza umlazimishe? Usimlazimishe, lakini usimwache pia. Kusoma kabla ya ajali kulikuwa kunajiendea kwenyewe, sasa kila neno linafanyiwa kazi kwa mkono, ubongo unachoka kama mtu aliyeshinda anabeba mawe ya matumbawe juani, tofauti ni kwamba jasho lake halionekani. Kichwa kikianza kuuma tayari mmechelewa. Pimeni kwa saa, kama kinauma dakika ya kumi, kuanzia kesho anasimama dakika ya sita, akiwa bado anataka kuendelea, anapumzika macho yakiwa yamefumbwa, anarudi baadaye. Dakika sita mara nne kwa siku zinajenga kuliko nusu saa moja inayomwangusha kitandani. Wiki ya pili ongezeni dakika moja. Na wakati ni asubuhi, amelala vizuri, televisheni imezimwa, watoto wako nje. Nyumba zetu za mawe ndani kuna kiza na barazani kuna mng'ao, mkalisheni ukumbini mwanga ukimjia kwa nyuma begani, mwanga wa simu upunguzwe.

Kama ni kweli haoni kulia, mpigie mstari mwekundu mnene ukingo wa kulia wa ukurasa, na sheria ni moja, haruhusiwi kurudi kushoto mpaka auone wekundu. Kidole cha mkono wa kulia kitangulie mbele ya neno, si chini yake, kiwe kinalivuta jicho. Kata dirisha kwenye kadi lionyeshe mstari mmoja au miwili tu. Wengine wanasaidika kwa kuugeuza ukurasa ulale ubavu, mistari isomeke juu kwenda chini, inaonekana ajabu lakini ajaribu. Na kuna mazoezi ya maandishi yanayotembea, kama yale yanayopita chini ya taarifa ya habari kwenye televisheni, yanatokea kulia yanakwenda kushoto, jicho linalazimika kuzoea kurukia upande uliopotea. Wataalamu wa University College London walitengeneza programu ya namna hiyo kwa watu wa hemianopia ya kulia, na kusoma kwao kuliongezeka kasi. Ni ya Kiingereza, lakini mwalimu wa shule Kiingereza si tatizo kwake.

Nisikudanganye kuhusu matumaini. Ule upeo wenyewe, ukirudi, mara nyingi unarudi miezi ya mwanzo, na miezi saba imeshapita, sitakuahidi kwamba utarudi wote. Lakini ile kauli ya vijiweni kwamba baada ya miezi sita ubongo umefunga duka si kweli, kusoma ni ujuzi na ujuzi unajengwa kwa njia nyingine hata miaka baadaye. Askari mmoja wa Kirusi, Zasetsky, risasi ilimpiga nyuma kushoto mwaka 1943 huko Smolensk, akapoteza upande wa kulia wa kuona na kusoma vikaenda pamoja. Alijifunza herufi upya kama mtoto. Kisha aligundua mkono wake unaweza kuandika ukiachiwa bila kufikiria herufi moja moja, na kwa miaka 25 akaandika kurasa zipatazo 3,000 za maisha yake, huku mwenyewe akisoma alichoandika kwa tabu kubwa. Daktari wake Luria alitoa kitabu kutokana na kurasa hizo 1971, kwa Kiingereza kinaitwa The Man with a Shattered World. Hicho ni cha kusoma wewe dada yangu, na wale wa nyumbani wanaosema ni mvivu. Yeye si sasa. Na pia shirika la Uingereza linaitwa Headway lina vijitabu vifupi vya bure kwenye intaneti kuhusu uchovu, kumbukumbu, hasira za baada ya ajali, ni Kiingereza chepesi, kimoja kinatosha kubadilisha mazungumzo ya nyumba. Kwa Kiswahili tumeachwa nyuma sana hapa na linaniuma, kwa hivyo ukikisoma waeleze wengine kwa Kiamu chenu.

Yeye asome nini? Usimpe vitabu vya picha vya watoto, ni mwalimu, utamvunja moyo siku moja tu. Mimi ningeanza na tenzi. Angalia umbo la utendi: kila kipande mizani 8, vipande vinne ndio ubeti umekwisha, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinabeba kina kinachokwenda mpaka mwisho. Mstari ni mfupi kwa hivyo miruko ni michache. Kina kinamwambia neno linaishaje, na yeye mwisho wa neno ndio unaomkimbia! Akikosea, sikio linamsuta palepale, mizani inapungua, anarudi mwenyewe bila mtu kumsahihisha. Ubeti ukiisha anapumzika na hajaacha kitu katikati. Utendi wa Mwana Kupona ni wa visiwa vyenu, wa mwaka 1858, una beti kama mia moja, na mama yule aliutunga akiwa mgonjwa akimuusia bintiye. Beti mbili kwa kikao zinatosha. Zile alizozijua tangu zamani zimpe raha na pumzi, zile asizozijua ndizo za mazoezi, wala msichanganye mkadhani amepona kwa kuwa amesoma za kichwani.

Zaidi ya hapo, apewe anachokitaka yeye. Matokeo ya mpira. Ujumbe wa WhatsApp wa walimu wenzake, herufi zimekuzwa, kioo cha simu ni chembamba kwa hivyo mistari inakuwa mifupi. Insha za wanafunzi wake, nawaombea shuleni wampe chache, hizo anajua zitasema nini na nina hakika atatabasamu. Habari ya gazeti msomeeni kwanza kwa sauti, kisha aisome mwenyewe akiwa tayari anaijua, huo si udanganyifu, ubongo unapumzishwa kukisia ili macho yajifunze kuruka. Awe na daftari, kila aya aandike maneno matatu. Na vitabu virefu asikilize, mtu amsomee au amrekodie kwenye simu, kiu ya vitabu haijaumia na haifai ikae kavu kungoja macho.

La jini. Dua na kombe, yale maji ya aya, sina neno nazo, nami ni Muislamu na nimewaona watu wakitulia moyo. Ninachoomba ni viwili. Dawa za hospitali, hasa kama kapewa za kuzuia kifafa, zisikatishwe ghafla na mtu yeyote kwa sababu yoyote, zikikatishwa ghafla kifafa kinaweza kuja kwa nguvu. Na msimfungie kwenye chumba cha moshi na ngoma na kelele, huo ubongo ukichoka atapiga kelele kweli, kisha mtasema ni jini limejibu.

Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana, kama kichwa kinazidi kila siku badala ya kupungua, akitapika, akiwa na usingizi msioweza kumwamsha, mkono au mguu ukilegea, akianza kuchanganya watu, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akidegedeka. Na hili dogo watu hulipuuza: akiwa anasoma akakatika, akatumbua macho nusu dakika asijibu akiitwa, kisha akaendelea kama hakuna kitu, hicho kinaweza kuwa kifafa cha kimya, mwambie daktari na ikiwezekana umrekodi.

Kazini asirudi kwa zamu kamili. Kusahihisha madaftari ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu wa hali hii, kufundisha kwa mdomo pengine anaweza hata muhula ujao, darasa moja kwa siku, asimame wanafunzi wengi wakiwa kushoto kwake. Ripoti ya therapisti ndiyo itakayomtetea kwa mwalimu mkuu, na tatizo likionekana la kudumu hiyohiyo ndiyo itakayoanzisha safari ya kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Miwani rudisha kama duka litakubali. Vile vitabu vitatu usirudishe, wala usiviweke kitandani kwake. Vipange kwenye zidaka za ukumbini, upande wa kushoto wa pale anapokaa, avione akinywa kahawa, na siku atakayonyoosha mkono mwenyewe uwe na kalamu nyekundu na rula karibu.